Saa 72 na vibakuli vinne vya rangi

Saa ya tano tangu jamu ya kutengeneza gemu ianze, nilichanganya bluu na njano kwenye kompyuta nikapata kijivu.

Nilikuwa nimepanga gemu tulivu. Unaingia katika nyumba isiyo na mtu na kuiona kwa macho yako mwenyewe, kama unayetembea humo. Kila chumba kina kitambaa kilichotundikwa ukutani ambacho sehemu yake imefifia. Mezani kuna vibakuli vinne: nyekundu, njano, bluu na nyeupe. Unadondosha matone kikombeni, unasogea hadi kwenye kitambaa, unalinganisha. Rangi zikioana, chumba kizima kinarudiwa na rangi zake. Hakuna saa inayokukimbiza, hakuna adui, hakuna pointi. Kwa asiyezijua, jamu ni mashindano ya kutengeneza gemu kuanzia sifuri kwa muda mfupi uliopangwa, na hii ilikuwa ya saa 72. Nilikuwa peke yangu, nikitumia Godot, injini (programu ya kutengenezea gemu) niliyoizoea.

Kompyuta haikuwa imekosea kunipa kijivu. Skrini huunda kila rangi kwa mwanga wa aina tatu: mwekundu, wa kijani na wa bluu. Njano ya skrini ni nyekundu na kijani zikiwaka pamoja huku bluu imezimwa. Ukitafuta wastani wa njano hiyo na bluu tupu, zote tatu zinabaki zikiwaka nusu, na nusu ya kila kitu ni kijivu. Hesabu ni sahihi, ila mtu yeyote aliyewahi kushika brashi anajua kwamba bluu na njano huzaa kijani, na akinyimwa kijani hicho ataacha kuiamini gemu hapo hapo. Gemu ya kutuliza akili haiwezi kudumu bila imani hiyo. Mchezaji akianza kujiuliza kama gemu inamdanganya, utulivu umekwisha.

Rangi ya kupaka hufanya kazi kwa kumeza mwanga. Kila rangi inameza sehemu yake na kurudisha kinachobaki. Paul Kubelka na Franz Munk waliandika milinganyo ya jambo hili mwaka 1931, lakini sikuwa na muda wa kuitekeleza yote. Nilitumia njia ya mkato: badala ya kujumlisha na kugawanya, nilizidisha na kutafuta kipeuo. Bluu yangu niliipa 0.1 ya nyekundu, 0.4 ya kijani na 0.8 ya bluu. Njano ikawa 0.95, 0.85 na 0.1. Tone moja kwa tone moja, kila jozi unaizidisha kisha unatafuta kipeuo chake cha pili, na unapata 0.31, 0.58 na 0.28. Hicho ni kijani cha majani mabichi. Nilidondosha matone kwa karibu nusu saa bila kuandika mstari hata mmoja wa msimbo wa programu, kwa sababu tu ilikuwa raha. Ndipo nilipojua kwamba gemu ipo.

Kosa la siku ya kwanza lilikuwa kuchagua rangi za vitambaa kwa kuzipenda tu. Nilichukua zambarau moja nzuri sana, nikaja kugundua kwamba hakuna idadi ya matone inayoweza kuifikia. Fumbo halikuwa na jibu. Nikageuza mpango: kikombe kinabeba matone sita kamili, na kila kitambaa kinapata rangi yake kutokana na mchanganyiko mmojawapo wa matone hayo. Vibakuli vinne na matone sita vinatoa michanganyiko 84, zaidi ya kutosha kwa vyumba saba. Tangu hapo sikuhitaji tena kujiuliza kama chumba fulani kinatatulika.

Kutembea hakukunichukua muda mwingi. Godot 4 inakupa msimbo wa kuanzia ambamo mhusika anakwenda mita 5 kwa sekunde na anaweza kuruka. Hiyo ni kasi ya kukimbia. Niliishusha hadi mita 2, nikafuta kuruka, na sikuweka kabisa kule kuyumba kwa kichwa kila hatua, maana kunawatia wengine kichefuchefu.

Usiku wa pili ndio ulionisumbua kweli. Nilikuwa nimeweka jua la jioni likiingia dirishani, mwanga wa dhahabu sakafuni na vivuli virefu. Chumba kilipendeza kuliko chochote nilichowahi kutengeneza. Rafiki yangu akakaa kujaribu, akafika kwenye kitambaa cha pili, akachanganya, akasema, "Zinafanana, mbona inakataa?" Nikachungulia skrini yake na kweli zilifanana. Nikafungua namba, nikaona zimepishana mbali. Kisha akajaribu mchanganyiko ambao namba zilisema ni sahihi, na machoni petu wote wawili haukufanana hata kidogo.

Kikombe kilikuwa mkononi, kinapigwa na jua. Kitambaa kilikuwa kivulini. Rangi ile ile ilitoka kama rangi mbili, na juu ya hapo injini ilikuwa ikilainisha sehemu zenye mwanga mkali na kuzipunguzia ukolezi. Nilikuwa nimemwomba mtu alinganishe vitu viwili huku mimi mwenyewe nikivibadilisha katikati ya safari.

Ilinibidi nichague kati ya jua na ukweli. Nililibakiza jua kwenye kuta na sakafu, lakini rangi iliyo kikombeni na ile sehemu iliyofifia ya kitambaa nikazitoa kwenye mwanga kabisa: zinachorwa bila taa wala kivuli, zilivyo. Nilihofia zitaonekana kama karatasi iliyobandikwa, nikakuta zinang'aa kidogo kivulini, na jicho la mchezaji linavutwa moja kwa moja mahali pa kazi. Faida ya pili niliiona nilipoiandaa gemu ichezwe kwenye kivinjari, ambako injini huchora kwa njia nyingine na mwanga wote wa chumba ukabadilika. Rangi za fumbo hazikutikisika.

Bado chumba kimoja kiliendelea kukataa macho ya watu ingawa namba zilikuwa sawa. Sababu yake ilishajulikana zamani. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins huko Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zina weusi hafifu. Alizipima, akakuta hazina kasoro. Zilififia kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Maelezo yake aliyachapisha mwaka 1839. Kitambaa changu kilikuwa kijivu chenye ubluu kidogo katikati ya rangi ya machungwa iliyokolea, na machungwa ile ilikuwa ikikisukuma kijivu kionekane bluu zaidi ya kilivyo. Nilizungushia kila sehemu iliyofifia ukingo mpana wa kijivu kisichoegemea rangi yoyote, na kikombe nacho nikakipa ukingo kama huo. Malalamiko yakaisha.

Kipimo cha kuamua kama rangi zimekaribiana nacho nilikibadilisha. Kupima umbali kwa namba za nyekundu, kijani na bluu ni dhuluma kwa mchezaji, kwani umbali uleule katika namba unaweza kuwa mkubwa sana machoni kwa rangi fulani na usionekane kabisa kwa nyingine. Nilihamia Oklab, mfumo ambao Björn Ottosson aliuchapisha mwaka 2020, uliopangwa ili umbali wa namba ukaribiane na umbali anaouona binadamu. Kuuandika ni mistari michache tu. Kwa yeyote anayetaka kutengeneza gemu ya rangi, huo ndio ushauri wangu wa kwanza.

Zilibaki saa kumi na tisa, na swali nililokuwa nikilikwepa tangu mwanzo likanifikia. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, karibu mwanamume 1 kati ya 12 ana upungufu wa kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani. Kwa wanawake ni kama 1 kati ya 200. Rafiki yangu mwingine ana upungufu huo. Nilitaka acheze. Kuandika majina ya rangi juu ya vitambaa kungeua fumbo lenyewe.

Jibu lilitoka kwenye sauti. Ukipiga noti mbili za muziki zilizokaribiana sana, tuseme moja ya mitetemo 220 kwa sekunde na nyingine 224, sikio halisikii noti mbili bali noti moja inayopanda na kushuka mara nne kila sekunde, yaani tofauti ile ile ya 220 na 224. Wanaopatanisha nyuzi za gitaa huisikiliza tofauti hiyo mpaka ipotee. Basi kila kitambaa nikakipa noti yake, na kikombe noti yake, na umbali wa rangi ukawa umbali wa noti. Ukiwa mbali sauti inatikisika haraka. Kila tone sahihi linaipunguza kasi. Rangi zikioana, mtikisiko unakoma na noti inasimama wima. Niliweka kikomo cha mitikisiko minane kwa sekunde, maana ikizidi hapo sana sauti inaanza kukwaruza.

Nilikuwa nimetayarisha mlio wa pongezi kwa kila chumba. Niliufuta. Ule utulivu wa noti moja ulitosha, na hata wanaoona rangi zote walianza kuusubiri.

Vivinjari haviruhusu sauti ianze kabla mtumiaji hajabofya, wala havikabidhi kipanya bila idhini hiyo. Nikaweka mlango uliofungwa mwanzoni: unaubofya, unafunguka, na vyote viwili vinaruhusiwa kwa mkupuo.

Niliwasilisha gemu zikiwa zimebaki dakika arobaini. Kesho yake yule rafiki asiyetofautisha nyekundu na kijani alivaa vipokea sauti akaanza chumba cha kwanza. Kwenye cha nne alifumba macho, mkono ukiwa kwenye kipanya, akidondosha tone moja moja. Alipomaliza cha saba hakuvivua. Alirudi nyuma, akamwaga kikombe, akaanza kukijaza upya taratibu.