Uturuki ilipofika Igogo

Sisi na Uturuki saa zetu ni zilezile. Tetemeko lilipiga kule Jumatatu ya tarehe 6 Februari 2023, saa kumi alfajiri na dakika 17, na hapa Mwanza pia ilikuwa saa kumi na dakika 17. Nilikuwa nimelala fofofo. Mawimbi ya kwanza yalipita chini ya kitanda changu saa kumi na dakika 25. Dakika nane hata hazijatimia, kilomita zaidi ya 4,400 zimekatwa. Basi la Dar linashinda barabarani siku nzima kwa robo tu ya safari hiyo.

Chombo changu cha kunasa matetemeko kiko stoo. Aliyewahi kupanda Igogo, mtaa wetu wa mlimani hapa Mwanza, anajua: nyumba zimejibana kati ya majabali, nyingine zimekalia jabali lenyewe. Stoo yetu upande mmoja haina sakafu wala ukuta, ni jiwe limeingia ndani kama lilivyo. Mke wangu alilichukia tangu siku tuliyohamia, kwa kuwa halifagiliki. Mimi nilianza kulipenda baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lile la ukubwa wa 5.9 lililobomoa nyumba Bukoba na kututikisa mpaka sisi wa ng'ambo hii ya ziwa. Siku chache baadaye wanafunzi wangu wa fizikia walikuja na maswali ambayo chaki peke yake haikuyaweza. Nilipostaafu, nikaanza kukusanya vitu.

Vitu vyenyewe si vya ajabu. Bomba la aluminiamu lenye urefu wa karibu mita moja, ncha yake moja imeegemea gololi, ncha nyingine imeshikwa kwa waya wa gitaa ili bomba lining'inie likiwa limelala. Juu yake nimefunga mawe mawili ya mizani, ya kilo moja moja. Mwishoni kuna koili niliyosukiwa na fundi wa mota, inacheza mbele ya sumaku. Ardhi ikisogea, sumaku inasogea nayo, koili inabaki nyuma, umeme kidogo sana unazaliwa, unakuzwa kwa amplifaya na kuingia kwenye laptopu kuukuu. Kuna pia bamba la shaba kati ya sumaku nyingine mbili. Bila hilo bomba likishtuliwa lingeyumba mpaka kesho, na usingejua kipi ni tetemeko na kipi ni ubishi wake lenyewe. Vyote nimevifunika kwa sanduku la mbao na blanketi, kwa sababu upepo wa mlangoni unatosha kulisogeza bomba. Buibui nao wanatosha. Buibui mmoja aliwahi kunipa "tetemeko" la usiku kucha.

Asubuhi ile nilikuta mstari umechafuka kuliko nilivyowahi kuuona. Mawimbi ya P, yale yanayosukuma na kuvuta, yalionekana kwa tabu, kwa maana bomba langu limelazwa kaskazini kwa kusini na linahisi mtikisiko wa mashariki na magharibi tu. Dakika sita baadaye yakaja ya S, yanayotikisa kwa upande, na hayo hayakuhitaji miwani. Kisha, kabla ya saa kumi na dakika 40, yakafuata mawimbi ya juu ya ardhi, marefu, ya taratibu, kila moja likichukua kama sekunde 20 kupita. Kwa tetemeko la ukubwa wa 7.8 na umbali ule, jabali la Igogo lilikuwa likienda na kurudi labda milimita moja. Mji mzima ulibebwa, na hakuna hata jogoo aliyeshtuka.

Pengo la dakika sita kati ya P na S, jedwali la mwendo wa mawimbi linalitafsiri kuwa nyuzi 40 za mzingo wa dunia, yaani zile kilomita zaidi ya 4,400. Chombo kimoja cha bomba moja kama changu hakikuambii upande, kinakupa umbali tu. Redio ndiyo iliyomalizia: karibu na Gaziantep, kusini mwa Uturuki. Nikapima kwenye ramani, ikakubali.

Watoto wa jirani walikuwa wameshatangaza mtaa mzima kwamba kwa Mwalimu kuna mashine inayosikia Uturuki. Baada ya adhuhuri akaja mama mmoja mwenye duka la nguo kule Makoroboi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

Hakukaa. Mdogo wake anaishi Istanbul, ndiye anayemnunulia mizigo na kuituma kwa kago. Simu yake tangu asubuhi haipatikani. Nilimfungulia ramani nikamwonyesha Istanbul ilivyo mbali na Gaziantep, akaitikia kwa adabu kama mtu asiyesikia. Tukiwa tumeinama hapo, saa saba na dakika 32, mstari ukaanza kutetemeka upya.

"Hiyo nini?"

"Lingine."

"Wapi? Isije ikawa Istanbul!"

Redio isingeweza kunisaidia, lilikuwa halina hata dakika kumi. Nikamwambia: tuangalie saa. Yakija ya pili, yale ya S, baada ya dakika sita na kidogo, ni kulekule kwa asubuhi. Istanbul iko mbali zaidi, ingeongeza kama sekunde 20 hivi. Akavuta ndoo akaikalia. Mke wangu naye akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Mashine nimeijenga kwa miaka, lakini sijapata kuitazama kwa hofu kama nilivyoitazama dakika zile, maana mpaka siku hiyo mistari yangu haikuwa na ndugu wa mtu ndani yake.

Lori likapanda mlima, mstari ukaruka, yule mama akaruka nao. Nikamtuliza. Dakika ya nne. Ya tano. Ya sita ikapita, na sekunde chache mbele S ikaingia, mistari ikapanda mpaka ikakatika juu ya kioo.

"Ni kulekule," nikasema. "Si Istanbul."

Lilikuwa la ukubwa wa 7.5, kaskazini kidogo ya lile la alfajiri, nalo likaangusha majengo yaliyokuwa yamepasuka tayari. Baadaye hesabu ya waliokufa Uturuki na Syria ilivuka watu 50,000.

Mdogo mtu alipatikana jioni. Simu ilikuwa imeisha chaji. Jambo la kwanza alilouliza ni kama hela ya mzigo imeshatumwa, na dada yake, aliyekuwa amelia mchana kutwa, akamtukana mpaka salio likaisha.