Walioshindwa huishia wapi?

Majuma haya nimekuwa nikizitazama upya tamthilia za kubuni za kisayansi ambazo kiini chake ni uhasama baina ya mataifa ya angani, na kila ninapofika kipindi cha mwisho cha mojawapo najikuta nikiuliza jambo lile lile: hawa walioshindwa wamefanywa nini? Mazungumzo ya wapenzi wa tamthilia hizi mara nyingi huhusu nani angemshinda nani, yaani nguvu za silaha, wingi wa majeshi na kasi ya vyombo. Mazungumzo hayo yana raha yake, lakini hayanisaidii kutambua ni taifa lipi la kubuni limeandikwa kwa kina na ni lipi limeletwa tu ili shujaa apate wa kumpiga. Kinachonisaidia ni siku inayofuata ushindi, kwa sababu hapo ndipo mwandishi anapolazimika kuonyesha kama aliwahi kuamini kwamba adui naye alikuwa na miji, watoto na madeni ya kulipa.

Njia ya zamani ya kumaliza ugomvi wa namna hii ni kuuondoa mikononi mwa wagomvi wenyewe. Mwaka 1967, Star Trek ya awali ilipowaleta Waklingon, taifa la wapiganaji, kwa mara ya kwanza, vita baina yao na Shirikisho, muungano wa sayari ambamo Dunia imo, vilizimwa na Waorgania, viumbe wenye uwezo usiopimika ambao walizifanya silaha za pande zote mbili ziwe za moto kiasi cha kutoshikika. Farscape nayo, iliyokatishwa mwaka 2003 na kupewa hitimisho mwaka 2004, ilimfanya shujaa wake, John Crichton, afungulie silaha inayomeza kila kilicho mbele yake na kuzidi kukua mpaka mahasimu wawili, Peacekeeper na Wascarran, wakubali kusimamisha vita. Nauheshimu uchungu wa Crichton katika dakika zile, na tamthilia haifichi kwamba amani hiyo imezaliwa na hofu. Hata hivyo, katika hadithi zote mbili raia wa mataifa hayo hatuwaoni wakiamua lolote.

Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek iliyoonyeshwa kuanzia 1993 hadi 1999, ilichagua njia ngumu zaidi. Tangu mwanzo tunaelezwa kwamba Wacardassia waliikalia sayari ya Bajor kwa mabavu kwa takriban nusu karne, wakaipora na kuwatumikisha watu wake, na kwamba Kira Nerys, Mbajor, alikulia katika mapambano ya kuwafukuza. Baadaye Cardassia, ikiwa imedhoofika lakini haijapoteza kiburi chake, inajiunga na Dominion, dola ya viumbe wanaobadili maumbo na kujiita Waasisi, ambao hutawala kupitia Wavorta wanaowaabudu na askari wa Jem'Hadar waliofungwa kwa uraibu wa dawa wanayoipata kwa mabwana wao tu. Taifa lililozoea kukalia nchi za wengine linajikuta lenyewe limekaliwa, na mtu anayetumwa kuwafundisha Wacardassia namna ya kupigania uhuru wao ni Kira huyo huyo.

Katika msimu wa saba kuna onyesho fupi ambalo kwangu lina uzito kuliko mapigano yote ya vyombo. Damar, kiongozi wa uasi wa Wacardassia, amepata habari kwamba mkewe na mwanawe wameuawa na Dominion, na katika uchungu wake anauliza ni watu wa namna gani wanaoweza kuamuru mauaji ya wasio na hatia. Kira anamrudishia swali lilo hilo, bila kuongeza maelezo yoyote. Damar hana jibu. Kira anajuta papo hapo kwa kumtonesha mfiwa, ila Garak, ambaye ni Mcardassia, anasema kwamba Damar alihitaji kulisikia. Haupiti muda mrefu kabla Damar hajamuua rafiki yake wa siku nyingi, aliyekuwa bado akiiota Cardassia ya zamani. Nimelitazama onyesho hilo mara nyingi na bado sijui tamthilia nyingine ya aina hii ambayo imemfikisha adui mahali pa kuuona uovu wa taifa lake kwa sentensi moja iliyotoka kinywani mwa aliyetendewa uovu huo.

Kipindi cha mwisho kinatoza gharama yake. Wacardassia wanapogeuza silaha dhidi ya Dominion, amri inatolewa kwamba waangamizwe, na kufikia mwisho wa vita waliokufa wanakadiriwa kuwa milioni 800. Martok, kiongozi wa Waklingon, alikuwa ameahidi kwamba siku ya ushindi yeye, pamoja na Sisko na Amirali Ross, maofisa wa Shirikisho, wangekunywa pamoja divai ya damu katika ardhi ya Cardassia. Siku inafika, wamesimama kati ya magofu na maiti, na Sisko na Ross wanamwaga vinywaji vyao na kuondoka, huku Martok akinywa chake. Tofauti ya staarabu hizo mbili inaonekana hapo waziwazi kuliko katika hotuba yoyote, na simlaumu Martok, kwa kuwa Waklingon hawakuwahi kudai kwamba vita ni jambo la kuhuzunikia.

Lakini Shirikisho nalo halitoki likiwa safi. Kundi lake la siri ndilo lililowaambukiza Waasisi ugonjwa wa kuwamaliza, na Baraza la Shirikisho lilipofahamu kwamba tiba ipo liliamua kutowapa. Vita vinakwisha kwa sababu Odo, mmoja wa viumbe hao aliyelelewa mbali na wenzake, anajitolea kumponya kiongozi wa adui, naye anakubali kuweka silaha chini na kushtakiwa. Ninachokilalamikia kwa dhati ni hatima ya Dukat. Aliyekuwa mtawala wa Bajor wakati wa ukandamizaji alipaswa kujibu kama binadamu, yaani kama mtu mwenye akili timamu aliyetia sahihi amri kwa mkono wake. Badala yake amegeuzwa mtumishi wa mashetani na kutumbukia katika moto wa pangoni. Bajor yenyewe, ambayo kuandaliwa kwake kujiunga na Shirikisho kulikuwa sababu ya Sisko kupelekwa pale tangu kipindi cha kwanza, haipati jibu lolote.

Babylon 5, iliyotamba katika miaka hiyo hiyo, ina mashindano mawili ndani ya hadithi moja, na ajabu ni kwamba yale makubwa ndiyo yaliyomalizwa kwa udhaifu. Wavorlon na Shadows ni walezi wa kale wa jamii changa za galaksi: wa kwanza wanasimamia utii na mpangilio, wa pili wanaamini kwamba jamii hukua kwa kugombana. Tamthilia imewafupisha katika maswali mawili, Wavorlon wakiuliza wewe ni nani na Shadows wakiuliza unataka nini, na nadhani hakuna namna bora zaidi ya kutambulisha staarabu mbili kwa maneno machache hivyo. Lakini katika msimu wa nne, mwaka 1997, vita vyao vinamalizwa kwa Sheridan na Delenn, viongozi wa jamii hizo changa, kukataa kuchagua upande na kuwataka waondoke, nao wanaondoka kwenda nje ya galaksi. Sayari nzima zilikuwa zimeteketezwa na pande zote mbili. Kuwaacha waende zao bila kuulizwa chochote kunanikera mpaka leo.

Mashindano madogo, yale ya Wanarn na Wacentauri, ndiyo yaliyoandikwa kwa subira. Wacentauri waliitawala Narn kwa takriban karne moja, na hadithi inapoanza Wanarn walio huru ndio wanaoshambulia koloni la Wacentauri, hivyo mtazamaji hapewi mtu msafi wa kumshabikia. Katika msimu wa pili balozi wa Narn, G'Kar, anaelezwa kwamba mfalme wa Centauri alikuwa amekuja kuomba radhi, naye kwa furaha anamwendea Londo Mollari, balozi wa Centauri, anamnunulia kinywaji na kumtakia mema mfalme wake. Londo anakipokea kinywaji akijua kwamba shambulio alilolipanga yeye na washirika wake wapya, yaani Shadows, limekwisha kuanza. Mwigizaji Peter Jurasik haongezi neno. Uso wake unatosha. Baadaye tunamwona Londo dirishani mwa chombo cha kivita, akitazama sayari ya Narn ikipondwa kwa miamba.

Msimu wa tano unamrudishia yote hayo: Narn na washirika wake wanaipiga Centauri Prime mpaka inawaka, na Londo anatawazwa kuwa mfalme wa magofu, akiwa mateka wa Wadrakh, watumishi wa Shadows waliobaki na kisasi chao. Kabla hawajaagana, G'Kar anamwambia kwamba Wanarn hawawezi kuwasamehe Wacentauri, lakini yeye anaweza kumsamehe Londo. Nayathamini maneno hayo kwa sababu yamekataa kujifanya kwamba urafiki wa watu wawili unafuta hesabu ya mataifa mawili.

Battlestar Galactica inaniumiza kwa sababu ilianza vizuri mno. Ronald D. Moore, ambaye awali aliandikia Deep Space Nine, aliwapa binadamu takriban 50,000 waliosalia na Wacylon, mashine zilizoundwa na binadamu wenyewe, waliowaangamiza wengine. Katika msimu wa tatu Wacylon wanaikalia New Caprica, sayari ambako binadamu walikuwa wamehamia, binadamu wanalipua mabomu ya kujitoa mhanga, na baada ya kuokolewa kundi la siri linawaua waliodaiwa kushirikiana na adui mpaka Rais Roslin anapotoa msamaha wa jumla. Katika msimu wa nne maofisa wanaasi kwa kukataa muungano na Wacylon, na Gaeta, mmoja wao, anapigwa risasi kwa uasi huo. Watu wenye historia kama hiyo wanafika Duniani, miaka 150,000 kabla yetu, na karibu bila mabishano wanakubali kutupa teknolojia yao yote na kuvielekeza vyombo vyao kwenye Jua. Muziki ni mzuri na kifo cha Roslin kimeandikwa kwa upendo mkubwa, lakini siamini kwamba watu wale wangekubaliana kirahisi namna hiyo, na swali la kuishi na aliyekuua limefukiwa chini ya nyasi.

The Expanse, iliyokwisha Januari 2022, haikuwatuma watu wake popote. Wabelta, waliozaliwa katika mvutano mdogo wa asteroidi na kunyonywa na Dunia pamoja na Mirihi, wanamfuata Marco Inaros, ambaye anairushia Dunia miamba na kuua mamilioni. Baada ya Marco kushindwa, majadiliano yanahusu nani atasimamia usafiri kupitia malango ya nyota, na Avasarala, kiongozi wa Dunia, anapendekeza Holden, mtu wa Dunia, awe rais wa chama kitakachousimamia usafiri huo huku Drummer, Mbelta, akiwa makamu. Drummer anaumia na hafichi. Holden anaupokea wadhifa, anajiuzulu pale pale, na Drummer anashika nafasi. Suala la Laconia, sayari iliyo ng'ambo ya malango hayo, limeachwa likining'inia, na hilo ni pengo la kweli. Hata hivyo naiamini hali iliyobaki mezani: itambidi Drummer awaongoze hata Wabelta waliompigania Marco, na Dunia italazimika kupitisha mizigo yake mikononi mwa watu ambao baadhi yao waliishangilia ile mvua ya miamba.