Vigae vya sumaku nilivyomtengenezea binti yangu

Binti yangu aliviona kwa rafiki yake, akaja kunieleza kwa mikono yote miwili: "Mama, vinashikana vyenyewe, halafu unajenga nyumba!" Alikuwa na miaka mitano. Nilienda mjini Nairobi kuulizia bei dukani, nikarudi mikono mitupu. Lakini mimi ni fundi cherehani, riziki yangu ni kupima na kukata, na kabla matatu haijafika Kawangware nilikuwa nishaanza kupiga hesabu za milimita.

Sumaku nilizipata Luthuli Avenue kwa wauzaji wa vipuri vya elektroniki. Ni vidonge vya neodimiamu, aina ya sumaku ndogo lakini yenye nguvu sana, kipenyo milimita 5, unene milimita 3. Plaiwudi nilipewa na fundi wa samani pale Ngong Road, karibu na Dagoretti Corner, vipande ambavyo kwake vilikuwa vya kuwashia moto tu.

Vigae vya kwanza nilivitoboa pembeni, nikatia sumaku na kuzigandisha kwa gundi. Viwili vikashikana, pa! Tukapiga makofi. Cha tatu kikateleza na kujigeuza, hata ukikisukuma kwa nguvu. Binti yangu akakitazama, akasema, "Hiki hakitaki wenzake."

Sababu ni hii. Sumaku ina ncha mbili, kaskazini na kusini. Ncha zisizofanana huvutana, zinazofanana hufukuzana. Ukiweka sumaku mbili kila ukingo, na ukihakikisha kwamba kila ukingo ukiutazama kwa nje ncha ya kaskazini iko kushoto na ya kusini iko kulia, vigae vitashikana vyote, kwa kuwa vikitazamana, kushoto kwa kimoja ndiko kulia kwa mwenzake. Nilifanya hivyo na ikakubali, mpaka mtoto alipopindua kigae juu chini. Hapo kushoto kukawa kulia, vikaanza kufukuzana tena. Ningeweza kuchora alama upande wa juu, lakini mtoto wa miaka mitano hajengi kwa kufuata alama, nami sikutaka kumpa mchezo wa masharti.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Jibu ni kutoigandisha sumaku. Iache huru ndani ya kijumba chake, nayo itajigeuza yenyewe kila inapokutana na nyingine, ncha itafute ncha inayoitaka. Kidonge changu ukikipima kutoka kona hadi kona ya mkabala, hakifiki milimita 6. Kwa hiyo nikitoboa shimo la milimita 6 katika plaiwudi ya milimita 6, kinazunguka humo bila kukwama. Kisha naziba juu na chini kwa plaiwudi nyembamba ya milimita 3.

Nilirudi kwa fundi kumwomba anitobolee. Nilikuwa nimekata miraba yangu tayari, ya sentimita 7.5. Akaishika mmoja, akatikisa kichwa. "Mama, ukitoboa karibu na ukingo hivi utapasua mbao. Toboa kwanza, ndipo ukate." Akaniwekea ubao mzima mezani, tukachora mistari kwa penseli, akatoboa mashimo yote, kisha akakata akiacha nafasi kidogo. Nilichobakiwa nacho ni msasa tu. Nilisugua kila ukingo mpaka ukuta kati ya shimo na nje ukabaki kama milimita moja. Hapo hakuna njia ya mkato, kwa sababu nguvu ya sumaku hushuka haraka sana ukiongeza umbali hata kidogo. Vigae ambavyo nilivisugua kwa uvivu vilishikana kwa unyonge, ghorofa ya pili ikawa inaporomoka. Mashimo nayo yawe mbali na kona, angalau sentimita 2, la sivyo sumaku za kingo mbili za kigae kimoja zitaanza kuvutana zenyewe kwa zenyewe.

Gundi ilinifundisha adabu. Nilipaka gundi ya mbao kwa wingi nikidhani ndiyo uimara, ikaingia mashimoni na kugandisha sumaku sita. Tangu siku hiyo nilipaka kwa kadi kuukuu, tabaka jembamba, nikiacha duara kavu kuzunguka kila shimo, kisha nikalaza juu yake pakiti mbili za unga hadi asubuhi. Gundi ya moto usiitumie, kwani sumaku za aina hii za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi joto 80. Na usizishike kwa koleo la chuma, zitalirukia. Mimi nilitumia kijiti cha mbao.

Kigae kikikauka, kitikise sikioni. Kilichofaulu kinalia kama kayamba dogo. Kilicho kimya kimeshikwa na gundi, kirudie.

Sasa jambo ambalo naomba usilipite. Mtoto akimeza sumaku mbili au zaidi, zinaweza kutafutana tumboni kupitia kuta za utumbo, zikaubana mpaka ukatoboka. Ukihisi mtoto amemeza, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri zitoke. Ndiyo maana sikuiachia gundi kazi yote. Kwenye kila kona nilitoboa tundu la kupita tabaka zote tatu, nikapitisha kipande cha kijiti cha mishikaki kilichopakwa gundi, nikakikata na kukisugua kiwe sawa na mbao. Halafu kila kigae nilikiangusha mara kumi kwenye sakafu ya saruji kutoka urefu wa kifua changu. Viwili vilifunguka kidogo pembeni, sikuvitengeneza upya, nilivibomoa na kutoa sumaku. Rangi ni ya chakula, na juu yake nta ya nyuki.

Nilitengeneza miraba 12, kila mmoja sumaku 8, na pembetatu 8, kila moja sumaku 6. Jumla ni 144, na kila usiku kabla ya kulala nilihesabu zilizo ndani ya vigae na zilizobaki kwenye kopo. Usiku mmoja nikapata 143. Nilihesabu tena, 143. Nikamhamishia binti yangu kitandani kwangu, nikawasha taa ya simu, nikafagia chumba chote, nikapekua mfuko wa aproni, nikakung'uta zulia. Saa saba usiku niliiona chini ya kanyagio cha cherehani, imejibandika kwenye chuma kama kupe. Kazi hiyo sikuifanya tena akiwa macho, wala chumbani anamolala.

Sasa anajenga kila jioni. Jana alijenga matatu yenye ghorofa mbili, akaniambia abiria wa juu hawalipi. Jumapili asubuhi tunaketi mkekani, ananipa kigae kimoja kimoja, mimi naangalia kingo na vijiti vya kona, yeye anatikisa na kusikiliza. Mtoto wa dada yangu, ambaye bado anatia kila kitu mdomoni, akija kututembelea, boksi linapanda juu ya kabati, na binti yangu ndiye anayekuwa wa kwanza kunikumbusha.