Jipu kwenye taya la kinyonga wangu

Kinyonga wangu ni dume wa aina ya Yemen, nami humfuga Minneapolis, Marekani, ambako hewa ya ndani hukauka mno wakati wa baridi. Alipoota kivimbe kigumu kwenye taya, kidogo kama punje ya choroko, nilidhani ni ngozi kuukuu ambayo haijaambuka, nikapoteza siku kumi nikimnyunyizia maji tu, hadi kikafikia ukubwa wa harage naye akawa anarusha ulimi na kukosa mawindo.

Daktari wa reptilia alinieleza kwamba lile ni jipu, na kwamba usaha wa reptilia hauwi majimaji bali huganda kama jibini, kwa hiyo kulikamua ni kazi bure (nami, kwa aibu, nilikwisha kujaribu). Alimpa nusukaputi, akalipasua, akatoa donge zima, kisha akaniandikia antibiotiki.

Alishuku nyenje niliokuwa nikiwaacha kizimbani usiku, kwani wakikosa chakula humng'ata kinyonga aliyelala. Sasa huwaondoa kabla ya kuzima taa, huwapaka unga wa kalsiamu kabla ya kumlisha, na nimebadilisha taa ya urujuanimno, ambayo miale yake isiyoonekana kwa macho hufifia hata taa ingali inawaka. Kovu limebaki jeupe, na shabaha yake imerudi.