Redio ya baba mkwe inapendeza, ila haisikii

Baba mkwe wangu anakaa Ujiji, mstaafu wa reli, na sebuleni kwake kuna risiva ya Pioneer ya miaka ya 70, ile ya boksi la mbao na uso wa rangi ya fedha, ina vimita viwili vya mshale na taa zinazowaka njano ukiwasha. Hiyo redio mzee anaipenda kuliko sisi wote. Kila jioni akishamaliza kuswali anazungusha ule mzunguko mkubwa taratibuuu mpaka anapata stesheni za Burundi, hapo usimwongeleshe.

Na kwa sisi wa Kigoma kupata Bujumbura siyo muujiza. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilometa 160 na ushee lakini sehemu kubwa ya njia ni ziwa, na kuna jioni FM inateleza juu ya maji mpaka unadhani mtangazaji yuko Kibirizi anasubiri boti. Kumbuka hili maana ndo lilikuwa kipimo changu baadae.

Sasa Idd iliyopita nikajifanya mkwe mwema. Volumu ilikuwa inakwaruza, upande mmoja wa spika unakatika, nikasema baba hii ni vumbi tu niachie nikusafishie. Nikafungua boksi, aisee, vumbi jekundu la miaka arobaini, nyumba ya buibui na mende mkavu mmoja. Nikapiga brashi, nikapuliza upepo, halafu hapa ndo niliposhikwa na ushamba: dawa ya kusafishia vitufe niliyokuwa nayo ilikuwa kidogo, nikamalizia na ile dawa ya kopo ya kulegezea nati zilizoshika kutu, nikaipuliza kila nilipoona pana kutu au uchafu. Kila mahali jamani. Nikafunga, nikafuta uso kwa kitambaa, vitufe vinang'aa, volumu laini kama mawese. Nikasifiwa, nikaletewa mgebuka mzima peke yangu.

Baada ya siku tatu napigiwa simu. Shikamoo baba. Marahaba. "Mkwe, redio inapendeza kweli, ila haisikii."

Nilipoenda nikakuta stesheni za hapa mjini zinashika lakini kwa shiii nyingi, mshale wa mita ya siginali ambao zamani ulikuwa unafika 4 sasa unajikokota kwenye 1, na Burundi hakuna kabisa, kimya. Kimya chenyewe kilinipotosha kwanza, maana kumbe wakati nafuta nilibonyeza swichi ya myutingi, ile inayozima stesheni dhaifu zisikupigie kelele. Nilipoiachia nikasikia Kirundi kwa mbaaali chini ya shiii. Kwahiyo mawimbi yanafika ila yanafika yamechoka.

Nikaanza na antena kama kila mtu. Jumamosi nzima. Nikatengeneza dipoli, yaani antena ya waya mbili zilizonyooka kwenda pande mbili, kwa waya wa spika, sentimeta 75 kila upande, jumla mita moja na nusu, ndo nusu ya wimbi kwa katikati ya FM. Nikaitandaza ukutani mashariki kwenda magharibi ili ubavu wake uangalie kaskazini maana dipoli inasikia kwa ubavu, haisikii kwa ncha, na Bujumbura iko kaskazini. Nikaangalia skrubu za nyuma kama waya umeshika vizuri, nikaweka mono kupunguza shiii. Ikaongezeka kidogo sana, mshale ukatoka 1 ukaenda moja na kitu. Mama mkwe akapita akaniuliza kama huo waya nitautoa au anunue pazia la kuufunika.

Kilichonifungua akili ni mzee mwenyewe. Akasema hata AM usiku haileti kitu, na zamani usiku ilikuwa inajaa mpaka stesheni zinapandana. Nikakaa chini. Kwasababu antena ya AM siyo ile niliyohangaika nayo ukutani, ni ile fimbo nyeusi ya feraiti iliyoning'inia nyuma ya risiva, vitu viwili tofauti kabisa, na haiwezekani antena mbili ziharibike siku moja kwa bahati mbaya. Kama AM na FM zote zimedhoofika basi tatizo liko pale zinapokutana, na kwenye hizi risiva za zamani zinakutana kwenye ile kapasita ya kuzunguka, ile yenye vibati vingi vinavyoingiliana kama vidole ukizungusha mshale wa stesheni. Ekseli moja, vyumba kadhaa, vingine vya FM vingine vya AM. (Umeme wa ndani nao unaweza kuzidhoofisha zote, ila kaseti na sauti vilikuwa safi, nikauacha wa mwisho.)

Kabla sijafungua kuna fundi mmoja jirani alikuja na bisibisi yake, anataka azungushe vile viskrubu vidogo vya pembeni ya kapasita na kuvuta koili "ziamke". Nikamwomba kwa heshima zote asiguse. Vile viskrubu vilipangwa kiwandani kwa mashine, ukivizungusha kwa kubahatisha stesheni zinahama namba zake na unakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Na koili za FM ni mizunguko michache tu ya waya, ukiitanua kidogo tu umeshabadilisha kila kitu, hata mimi nilishukuru kwamba upepo wangu haukuzipinda.

Nikafungua, risiva ikiwa inawaka kwenye stesheni ya mjini (huku nimekaa mbali na upande wa trafo na swichi, kule kuna volti 230 haina utani) nikachukua kijiti cha mshikaki nikabonyeza ekseli ya kapasita polepole. Mshale ukaruka mpaka 4. Nikaachia, ukaanguka. Nikabonyeza, ukaruka. Nilipiga kelele mpaka watoto wakaja.

Ukichungulia kwa tochi unaona, kati ya chumba na chumba kuna vispringi vidogo vya shaba vinakumbatia ekseli, kazi yake ni kuunganisha vile vibati vinavyozunguka na mwili wa risiva, yaani ethi. Grisi ya zamani ya kwenye beringi ilikuwa imeganda, dawa yangu ya nati ikaiyeyusha, ikatiririka mpaka kwenye vispringi ikatengeneza utando mweusi unaonata. Vibati vikawa kama vinaelea, havina ethi ya maana. Kwenye mawimbi ya FM, ambayo ni kama milioni 100 kwa sekunde, utando mwembamba hivyo unatosha.

Nikazima, nikachomoa. Spiriti ya duka la dawa sikuitumia, nyingine zinachanganywa mafuta ya nyonyo kulinda ngozi na mafuta ndo yaliyonileta hapa. Nikaenda kwa fundi simu mmoja wa mtaa wa Mwanga akanipimia kidogo ile alkoholi yake ya kusafishia bodi. Kwa brashi nyembamba tone tone kwenye kila springi, zungusha mzunguko mwanzo mwisho mara ishirini hivi, nyonya uchafu kwa kipande cha kitambaa, rudia. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi, cha tano kikatoka cheupe. Vibati vyenyewe sikuvigusa, vikipinda vikagusana umekwisha. Nikaacha ikauke usiku kucha.

Kesho yake jioni mzee akazungusha mwenyewe. Mshale ukapanda, kataa ka stereo kakawaka, Kirundi kikaingia kama mtu amefungua mlango. Hakusema kitu, akaniashiria kwa mkono nikae. Dipoli iko bado ukutani, nyuma ya pazia jipya.

Kitufe cha besi bado kinakwaruza kidogo upande wa kushoto. Ameniuliza kama Idd ijayo nitakuja nikisafishe nacho pia, nikamwambia baba hicho tukiache tu hivyo hivyo.