Sura ya 9 imefunguka, ubao umekubali

Wiki tano! Leo saa nane usiku ndipo sura ya 9 ya riwaya yangu imesimama.

Mnaofuatilia mnaijua hadithi: Matondoni, Lamu, koo mbili, jahazi lililozama na shehena ya boriti, kaka yake Mwanaidi hakurudi. Kwao Mwanaidi wanasema kalafati, yaani uzibaji wa nyufa za chombo, waliyoifanya akina Swaleh wa ukoo wa pili ilikuwa mbovu. Akina Swaleh wanasema chombo kilishindiliwa mzigo. Mwanaidi akiweka sikio kwenye ubao uliookotwa ufukoni, anamsikia marehemu. Na anampenda Swaleh.

Kilichonitoa roho ni hiki: kama ubao unasema, kwa nini asiuulize nani mwenye kosa? Ugomvi ungekwisha sura ya 3. Nikaufanya useme kwa mafumbo, ikawa vitendawili vya watoto. Nikaufanya usikike upepo wa kusi ukivuma tu, lakini kusi huvuma miezi! Nikaufanya mkaidi kama jini. Dada yangu akasoma, akauliza, "Sasa huu ubao unataka ubani au pesa?" Nikafuta yote.

Jana nilikaa kumtazama fundi akikalafati mashua, anashindilia pamba ya mafuta kati ya mbao, polepole, ufa kwa ufa. Hapo hapo nikapata. Ubao husikia kupitia nyufa. Ukishazibwa, umezibwa masikio. Ya baharini haujui hata moja! Kwa hiyo sauti ya kaka ni ya kabla ya safari, ufa wa mwisho ukiwa bado wazi: "Huo uzibe juu juu tu, mzee wangu, upepo wa kaskazi utanipita."

Aliomba mwenyewe. Na babake Swaleh, fundi mwenyewe, akakubali. Aliyesikia ni Mwanaidi peke yake, na sasa ndiye mwenye kuamua kama atasema. Nimelia, sioni haya.

Kuhusu vifaa: simu nimeachana nayo. Kila nikiandika "kalafati" inanipa "karafuu". Daftari la jalada gumu na penseli, sitaki kingine.

Wiki hii nilipanga kuandika posa. Siandiki. Nimenaswa na neno tanga: la chombo na la msiba. Mamake Mwanaidi amekataa kuanua tanga, yaani kumaliza msiba, na tanga la jahazi la zamani la mumewe limekunjwa darini kwake. Je, akianza kulishona upya usiku, na kila kiraka kikawa cha nguo ya marehemu? Tayari kurasa nne, Swaleh hayumo hata mstari mmoja. Atasubiri.