Mshipa wa akiba

Juzi binti yangu, akidurusu baiolojia, aliniuliza: "Mama, homa ya ini ya B ina chanjo tangu zamani. Ya C mbona haina mpaka leo?" Nikamweleza kwamba kirusi cha C hujinakili ovyo na hakirudi nyuma kusahihisha makosa, kinga ya mwili ikishaizoea sura moja, nyingine iko tayari. Akaridhika, akarudi kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nimeshafika Malindi, 2012, kwenye kile chumba cha nyuma mtaani Shela, nimeshika mkono wa yule kijana.

Tulikuwa tukikitafuta kirusi hicho kwa watu wanaojidunga unga. Kipimo cha kwanza huangalia kingamwili, yaani silaha ambazo mwili huunda dhidi ya kirusi, nacho husema tu kwamba kirusi kiliwahi kuingia, maana wapo ambao miili yao hukifukuza yenyewe ndani ya miezi sita. Ukitaka kujua kama bado kimo, utafute vinasaba vya kirusi chenyewe. Ndiyo maana tulitaka damu ya mshipani.

Na mishipa haikuonekana. Nilimfunga mpira, nikapapasa kiwiko, nikagonga kwa vidole viwili, nikashuka hadi kwenye kifundo. Kila mahali kovu juu ya kovu. Alinivumilia, kisha akauondoa mkono wangu taratibu. "Hapo sipo, dada. Huo ulikufa kitambo." Akaugeuza mkono, akakunja ngumi, akaikunjua, akaikunja tena, mpaka ukainuka mshipa mwembamba upande wa kidole gumba. "Huu nauweka akiba. Ingia hapa, polepole, usichimbe." Nikaingia. Damu ikaja mara moja, nzito, ikapanda kwenye chupa huku sote wawili tukiitazama. Mshipa aliojiwekea akiba alikuwa amenipa mimi.

Akiwa amebana pamba, akauliza: "Sasa mukiona ninacho, mutan'pa dawa?"

Dawa ya wakati ule ilikuwa intaferoni: sindano kila wiki pamoja na vidonge vya ribavirini, kwa baadhi ya aina za kirusi karibu mwaka mzima, na homa na huzuni juu yake. Kwa aina iliyo sugu zaidi, waliopona walikuwa kama nusu. Bei yake haikuwa ya mtu wa pale. Nilimwambia yote. Akanyamaza, kisha akasema: "Mwaka mzima wa sindano. Na nyinyi ndio mwan'ambia niache sindano."

Mwishoni mwa 2013 Marekani iliidhinisha sofosbuviri, kidonge, na tiba ya wiki 12 ikauzwa dola 84,000. Leo vidonge vya jamii hiyo huponya zaidi ya asilimia 95 ya wanaovimeza, na bei imeshuka sana. Misri, ambako kirusi kilienezwa na sindano zilizorudiwa katika kampeni za kutibu kichocho, imepima mamilioni ya watu wake na kuwatibu. Ili uidai dawa, kwanza uonyeshe wagonjwa wako ni wangapi. Wanafunzi wangu wamelisikia hilo kwangu mara nyingi, na ninaliamini. Lakini hiyo ni faida ya nchi. Yeye je? Majibu yake yalipotoka, kirusi kilikuwamo, nami nilikuwa na karatasi tu ya kumpa. Sijapata moyo wa kusema tulifanya sawa, wala wa kusema ingefaa tungoje.

Alipoisoma ile karatasi hakuuliza habari za ini lake. Aliuliza kama mtoto wake atakipata kwa kula naye sahani moja. Nikamwambia hapana, si kwa chakula wala kwa kukumbatiana. Ni kwa damu, kwa hiyo wembe wake awe nao peke yake.

"Na kijiko?"

Akanieleza. Siku hizo wengi walikuwa na sindano zao wenyewe, lakini unga waliuyeyusha pamoja: kijiko kimoja, maji mamoja, pamba moja ya kuchujia. Sindano iliyotumika ikichovywa humo, kirusi hubaki humo kikimngoja anayefuata. Fomu yetu iliuliza habari za sindano tu. Wiki ile ile tuliongeza maswali ya kijiko, maji na pamba, kwa maneno aliyoyatumia yeye.